Kabla ya mkopo kuna mali kauli

Tangu mikopo ya vikundi ya halmashauri, ile ya asilimia 10, irudi mwaka 2024, jijini Tanga kumezuka usuhuba wa aina mpya. Watu ambao hawajawahi hata kunywa kahawa pamoja wanatafutana kwa simu: "Amebaki mmoja tu kikundi kitimie, una namba ya NIDA?" Kikundi kinapata jina, mwenyekiti, katibu na mhuri, halafu ndipo mtu anauliza, haya, tutafanya biashara gani? Nimelisikia swali hilo Makorora, nikalisikia tena Mikanjuni na Pongwe, na mara zote linakuja mwisho. Sishangai, maana ndivyo tulivyozoea kufikiri: biashara huanza na mtaji, mtaji ni fedha taslimu, na asiye na fedha taslimu akae asubiri wa kumpa. Hapo ndipo ninapotofautiana na wengi. Katika mji wa pwani kama huu, anayeanza na mikono mitupu huanza na mali ya mtu mwingine aliyemwamini. Anaiuza, anarudisha cha mwenyewe, anapewa tena. Wafanyabiashara wanaiita mali kauli. Mkopo wa halmashauri una nafasi yake, na ni nafasi kubwa, lakini ni ya pili. Ukiutanguliza, unamfilisi mtu ambaye bado hajaanza.

Utaratibu wenyewe si mgeni. Halmashauri hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, na tangu mwaka 2018 jambo hilo limewekwa ndani ya Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa. Mkopo hauna riba, na katika mji wenye Waislamu wengi kama Tanga neno hilo peke yake linafungua milango ambayo benki haijawahi kuigusa. Kisha zikaja ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu zenye mabilioni yasiyorejeshwa na vikundi ambavyo ukivifuata havionekani, na Aprili 2023 serikali ikasimamisha utoaji hadi utaratibu upangwe upya. Tafsiri ya mitaani ikawa nyepesi: wezi wamekula. Wezi walikuwepo, sibishi. Ila ukizungumza na waliochukua na wakashindwa kurejesha, wengi hawana sura ya mwizi. Ni watu waliopewa fedha kabla hawajawa na mteja hata mmoja, fedha ikafanya kile ambacho fedha isiyo na kazi hufanya ndani ya nyumba yenye shida: ikalipa ada, ikalipa kodi ya chumba, ikachangia harusi.

Ili kuelewa kwa nini nasema mali kauli inatangulia, mtu aende Deep Sea, soko la samaki la hapa Tanga, alfajiri mashua zinaporudi. Samaki wanashushwa, mnada unaanza, na ndani ya muda mfupi matenga yanaondoka kuelekea Mgandini, Ngamiani, Makorora hadi vichochoro vya Duga. Ukitazama vizuri utaona kwamba wachuuzi wengi hawajatoa hata shilingi. Tajiri, yaani mwenye mzigo, ana daftari lake dogo limekunjwa mfukoni. Anaandika jina, idadi na bei. "Chukua, mwanangu, jioni niletee changu." Mchuuzi mpya hapewi tenga zima. Anapewa vibua wachache wa kupima mkono wake, na anapewa kwa sababu ameletwa na mtu: shangazi yake huuza pale, au aliwahi kubeba ndoo za maji kwa miezi miwili na watu wakamwona hagusi cha mtu. Akirudisha jioni, kesho anaongezewa. Akichelewa, kesho anapunguziwa. Akitokomea, basi jina lake linatangulia kokote atakakokwenda, kwa sababu matajiri wale wanakunywa kahawa baraza moja. Hakuna fomu wala andiko la mradi, lakini ndani ya wiki tatu mtu huyo amekwishapimwa kuliko atakavyopimwa na dawati lolote la mikopo. Naye amejipima: anajua mtaa upi hununua samaki mkubwa, upi hununua wa mia tano mia tano, nani hulipa na nani husema "niandikie".

Mambo hayo hayako kwa samaki peke yake. Machungwa ya Muheza yakiiva, kijana wa Tanga mjini hupewa magunia kadhaa na mwenye gari, akalipa baada ya kuuza. Kandambili, khanga, vyombo vya plastiki, hata vocha na laini za simu, yote yamepita katika njia hiyo. Na si jambo la jana. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Pangani na Bagamoyo kuelekea bara iliondoka na nguo, shanga na bidhaa za kukopa kwa matajiri wa Kihindi wa Zanzibar, na Tippu Tip mwenyewe, mfanyabiashara mashuhuri wa misafara hiyo, alichukua mali kwa tajiri mmojawapo, Taria Topan, akaja kulipa kwa pembe za ndovu baadaye. Sisemi hivyo kusifia biashara ile. Ilibeba watumwa, na imani kati ya tajiri na msafiri haikumfikia aliyefungwa mnyororo. Nasema tu kwamba pwani hii imekuwa ikikopesha bidhaa kwa muda mrefu kabla ya kuwa na benki ya kukopesha fedha, na ujuzi huo bado upo mikononi mwa watu ambao hatuwahesabu kuwa wanajua chochote kuhusu mikopo.

Tofauti kubwa ya mali kauli na mkopo ni mwendo wa saa. Deni la samaki linazaliwa alfajiri na kufa magharibi. Deni la machungwa linaishi siku tatu nne. Urefu wa deni unalingana na urefu wa bidhaa yenyewe, hivyo huwezi kulila kwa bahati mbaya. Ukila fedha ya leo, kesho huna mzigo, na nyumba nzima inajua. Mkopo wa fedha unakuja kwa mkupuo na kurudishwa kwa marejesho yanayofanana mwezi hadi mwezi, kana kwamba miezi inafanana. Tanga miezi haifanani. Kusi ikivuma, mashua ndogo zinashinda pwani. Wanaovua dagaa kwa taa wanategemea giza, mbaramwezi wanashona nyavu. Machungwa yana msimu, na Ramadhani inageuza ulaji wa mji mzima: muuza chai ya asubuhi analala, muuza kababu na mkate wa kumimina hana hata muda wa kujikuna. Mtu aliyekwisha kuzunguka mwaka mmoja anazijua tarehe hizo kwa mwili wake. Aliyekabidhiwa fedha kabla ya kuzijua anakutana nazo zikiwa zimeambatana na barua ya kukumbushwa marejesho.

Nalisema hili nikiwa na kovu. Miaka kadhaa iliyopita nilikusanya akiba yangu yote nikafungua duka la vifaa vya shule na kutoa nakala, karibu kabisa na shule. Kabla ya kuuza kalamu ya kwanza nilikwisha kulipa kodi ya miezi sita, meza ya kioo, rangi, bango na mashine ya mtumba. Fedha ya bidhaa ikawa ndiyo masalio. Sikujua kwamba wanafunzi hununua madaftari wiki mbili mwanzoni mwa muhula kisha wanapotea. Mwezi wa saba nilifunga. Meza ya kioo ninayo mpaka leo, nimeweka televisheni juu yake.

Sasa kuna hoja nzito upande wa pili, na sitaki kuipita kwa haraka. Wapo wanaosema mali kauli ni minyororo yenye jina tamu. Tajiri anayekupa bila fedha anakuuzia ghali kuliko anayelipa papo hapo, hukubaliwi kununua kwa mwingine, na samaki wakikuozea mkononi hasara ni yako ilhali yeye daftari lake halibadiliki. Wanaongeza, na wana haki, kwamba mfumo huo unawapendelea wenye ndugu. Binti aliyekuja juzi kutoka Kilindi au Handeni, hana shangazi sokoni, hana wa kumsemea, nani atampa tenga? Atasukumwa kwa wakopeshaji wa kausha damu, wa mtaani au wa kwenye simu, ambao humwamini kila mtu kwa sababu wana njia zao za kumdhalilisha asiyelipa. Kwa mtu huyo, wanasema, mkopo wa halmashauri ndio mlango pekee wenye heshima.

Nakubaliana na sehemu kubwa ya hoja hiyo, lakini naona inathibitisha jingine. Tuchukue mfano wa hesabu ndogo, namba ni za kukadiria. Mchuuzi anapewa tenga kwa shilingi 50,000 za mali kauli, wakati mwenye fedha mkononi angelichukua kwa 45,000. Akiliuza lote kwa 60,000, mali kauli inampa 10,000 na fedha taslimu ingempa 15,000. Kumbe gharama ya kuaminiwa ni shilingi 5,000 kila siku. Mtu huyu anahitaji mkopo, tena kwa haraka, lakini anahitaji 45,000, na tofauti ile ya bei ingeurudisha mkopo wote kwa siku tisa za kuuza. Hahitaji shilingi milioni 10 za kikundi, zigawanywe, kila mmoja apate milioni moja asiyojua aifanyie nini. Ndiyo maana nasema mkopo ni wa pili. Unamfaa sana mtu aliyekwisha kuingia kwenye mzunguko na anataka kujikomboa kutoka kwa tajiri mmoja. Kwake kila shilingi ina kiti kilichoandaliwa. Kwa asiyekuwa na mzunguko, fedha hiyo hiyo inamtafutia biashara badala ya biashara kuitafuta fedha. Na yule binti wa Kilindi? Anachokosa kwanza ni mdhamini wa jina, mtu wa kusema "mimi namjua". Hilo kikundi kingeweza kulifanya vizuri sana kama tungekitumia kudhamini, kila mwanachama na biashara yake, badala ya kulazimisha watu watano au kumi wasiofahamiana wamiliki mashine moja ya kusaga. Vicoba na michezo ya upatu vimedumu kwa sababu hiyo: watu wanachanga pamoja, lakini kila mtu anauza chake.

Hoja ya pili inatoka kwa wapenda neno fursa. Wanatuambia tusahau vitumbua, tutazame bandari na bomba. Ni kweli mambo makubwa yametokea. Bandari ya Tanga imeboreshwa kwa zaidi ya shilingi bilioni 429, kina cha maji gatini kimechimbwa kutoka mita 3 hadi 13, na meli ambazo zamani zilisimama nangani mizigo ikavushwa kwa matishari sasa zinafunga gatini. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, lina urefu wa kilomita 1,443, ambazo 1,147 ziko Tanzania, na linaishia Chongoleani, hapa hapa kwetu. Malori yameongezeka, wageni wamepandisha bei za vyumba, na mama lishe aliyekuwa akipika kilo tano za wali ana sababu ya kupika zaidi. Yote hayo nayakubali. Lakini ujenzi na uendeshaji ni wateja wawili tofauti. Ujenzi unakula wali. Bomba lililokwisha kufukiwa halili. Anayekopa miaka mitatu kwa kutegemea wafanyakazi wa ujenzi ajue kwamba deni lake linaweza kuishi kuliko wateja wake.

Mkoa huu umewahi kulipa ada ya somo hilo. Mkonge uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na katikati ya miaka ya 1960 Tanganyika, kisha Tanzania, ilikuwa ikizalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, nyingi zikitoka mashamba ya Tanga. Kando ya kila shamba kulikuwa na maduka, wauza pombe, mafundi cherehani na wauza maandazi waliokula kwa mshahara wa manamba, yaani vibarua wa mashambani. Kamba za nailoni ziliposhusha bei, na mashamba yalipodorora baada ya kutaifishwa mwaka 1967, uzalishaji ulikuja kuporomoka hadi chini ya sehemu ya kumi ya ule wa kilele. Vitabu vinaeleza yaliyowapata wenye mashamba. Yaliyompata muuza maandazi wa kambi ya mkonge hayakuandikwa popote, ila wajukuu zake wapo Ngamiani na wanakumbuka kwamba bibi alihama na sufuria.

Halafu kuna hoja ya tatu, ambayo nisingeigusa kama isingekuwa inarudiwa hata na watu wenye vyeo: kwamba tatizo si mtaji wala soko, tatizo ni Watanga wenyewe, wapenda raha, mji wa baraza na kahawa. Tanga raha, wanasema, kisha wanacheka. Anayesema hivyo hajawahi kuamka saa tisa usiku. Muuza vitumbua huloweka mchele tangu jana, husaga, hukuna nazi, huumua, na adhana ya alfajiri inamkuta jikoni macho yamewiva kwa moshi. Saa mbili asubuhi anapopita mchambuzi, yule mama amekwisha kumaliza kuuza na ameketi barazani kupumzika, ndipo anapoitwa mvivu. Hata hiyo kahawa ya barazani inayotajwa kama ushahidi wa uvivu ndiyo mahali ambapo bei za kesho zinajulikana na majina ya wasiolipa yanatajwa. Ukiwaondoa watu barazani utakuwa umefunga ofisi.

Nikirudi kwenye yanayofuata kutokana na haya, la kwanza linahusu mahali. Ikiwa mtaji wa anayeanza ni kuaminiwa, basi kijiwe chake ni sehemu ya mtaji huo, maana tajiri hukupa mali akijua jioni atakukuta wapi. Mwishoni mwa mwaka 2021, wamachinga walipoondolewa kwenye maeneo yasiyo rasmi katika miji mingi nchini, mjadala ulikuwa juu ya wateja waliopotea. Tulisahau upande wa nyuma wa meza: mchuuzi aliyepoteza kona yake alipoteza pia anwani iliyomfanya akopesheke. Jiji linalotaka watu wake warejeshe mikopo lingeanza kwa kutowahamisha waliokwisha kujulikana walipo, au kama hapana budi, kuwahamisha pamoja na majirani na matajiri wao.

La pili ni daftari, na hapa kodi inaingia. Mfanyabiashara mdogo anayekadiriwa kodi hutozwa kwa mauzo, si kwa faida, na mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4 kwa mwaka hayatozwi. Wengi husikia milioni 4 wakadhani ni utajiri. Igawe kwa siku 365 utapata kama shilingi 11,000 tu. Mama wa vitumbua anayeuza 20,000 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, anafikisha mauzo ya shilingi 6,240,000 kwa mwaka ingawa faida yake haitoshi kujenga choo. Kwa viwango vilivyowekwa kwa walio kati ya milioni 4 na 7, asiye na kumbukumbu hulipa 100,000, mwenye kumbukumbu hulipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4, na kwa mama huyu hiyo ni 67,200. Shilingi 32,800 ni thamani ya daftari la mia tano na kalamu. Lakini thamani yake kubwa si kwa mamlaka ya mapato. Daftari linaloonyesha mzigo uliochukuliwa kwa mali kauli na ulivyorudishwa, siku kwa siku, mwaka mzima, ni ushahidi wa tabia ambao hakuna andiko la mradi, hata lililoandikwa na mtaalamu wa kulipwa, linaweza kuufikia.

La tatu ndilo ambalo halmashauri wangeweza kulianza kesho bila kubadili sheria yoyote kubwa. Mkopo utoke kwa ngazi: kidogo kwanza, cha wiki chache, kirudi, kisha kikubwa kuliko hicho, kwa kalenda ya biashara husika, mvuvi apewe nafasi ya kupumua wakati wa kusi na mwenye machungwa alipe msimu ukiiva. Najua jibu la ofisini, kwamba mikopo midogo midogo inachosha, karatasi ni zile zile kwa elfu hamsini au kwa milioni kumi. Ni kweli inachosha. Lakini ndiyo kazi anayoifanya yule tajiri wa Deep Sea kila siku kwa kalamu moja na daftari lililolowa maji ya chumvi, wachuuzi wengi, jina na namba, jina na namba. Sijasikia afisa maendeleo ya jamii wa kata yoyote aliyewahi kumwomba alitazame.